Ndege ya Saa Saba

Salamu nyingi kama mchanga wa Diani ziwafikie nyote wa Msambweni, kuanzia shangazi aliyeko barazani hadi wale wajomba wa bao chini ya mwembe. Mwenzenu ni mzima. Hajafa, hajafungwa, hajaoa. Habari mliyoisikia kwamba alifukuzwa kiwanja cha ndege Uhispania ni uvumi. Alipitwa na ndege tu, na waliowahi kupitwa na feri ya Likoni wanajua kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kosa lilikuwa la saa. Mwenzenu, ambaye kabla ya kwenda Ujerumani kupanga vifurushi bohari alikuwa dereva wa tuktuk kati ya Ukunda na Diani, alikwenda Valencia siku tatu kwa akika ya mtoto wa binamu yake. Tikiti ya kurudi iliandikwa 7:00. Jicho likaona saba, ulimi ukatamka saa saba, binamu akaitikia saa saba, na nyumba nzima ikalala ikijua kwamba ndege ni saa saba mchana. Mtoto wa chekechea pale Msambweni anajua kuwa 7:00 ya Mzungu ni saa moja asubuhi. Mwenzenu pia anajua. Kule bohari huzigeuza saa kila siku bila kukosea. Lakini nyumba ile kulikuwa na pilau, kulikuwa na Kiswahili, kulikuwa na watu wa kucheka nao mpaka usiku mkubwa, na akili ikarudi pwani bila kuaga. Saa tano na nusu alisimama kiwanjani na begi mgongoni akijipongeza kwa kuwahi. Muda huo ndege yake ilikuwa imeshatua Ujerumani na abiria wenzake wamekwisha kunywa chai.

Ndege nyingine ilikuwepo, saa tatu na dakika arobaini usiku, kwa nauli ambayo mwenzenu ameamua kutoiandika hapa kwa sababu barua hizi husomewa mama.

Saa kumi nzima za kusubiri. Mkate mmoja wenye jibini pale kiwanjani ulikuwa na bei ya kuku wa kienyeji na mchuzi wake. Mwenzenu akaona bora ateremke hadi kwenye treni ya chini ya ardhi, arudi mjini, akatazame bahari mpaka magharibi. Ilipogonga saa saba barabara, ile ile aliyokuwa ameisubiri kwa unyenyekevu wote, alikuwa ameketi ndani ya behewa akienda upande usio wa Ujerumani.

Kituo cha kwanza akapanda bibi mmoja mfupi, mnene, na mfuko wa machungwa. Kituo cha pili bibi akainuka, mfuko ukachanika. Nyinyi mnajua mwenzenu alivyolelewa: mzee akiangusha kitu humwachi akainama. Akaingia chini ya viti, akafukuza machungwa behewa zima, akatoka nje na manne mkononi na moja kidevuni, na milango ikafungwa nyuma yake. Bibi akainua chungwa moja, akamshukuru, akalitaja jina lake: naranja. Mwenzenu akaduwaa. Marehemu nyanya yake alikuwa na mti uani wenye machungwa makali ya kutilia achari, na mti ule ulikuwa ukiitwa mnarinji.

Ukutani mwa kituo paliandikwa Manises. Jina hilo mwenzenu hakuwahi kulisikia. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba hata kile kiwanja cha ndege kimekaa kwenye ardhi ya Manises, na kwamba mji huu wa watu kama elfu 30, kilomita nane hivi kutoka Valencia, umekuwa ukiuza sahani Ulaya nzima kwa miaka 700. Wasafiri hutua juu yake, wakapita chini yake kwa treni, wakaenda kwingine.

Bibi alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Machungwa mikononi mwa mwenzenu. Ikabidi amfuate.

Juu, mji ulikuwa umefungwa. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, barabarani hakuna hata paka. Nyumbani, maduka yakifungwa mchana na si Ijumaa, basi kuna maiti. Mwenzenu akashusha sauti, akainamisha kichwa, akatengeneza uso wa matanga, akaanza kutafuta kwa macho turubai la kukaa wanaume. Bibi akamtazama kwa mashaka. Kisha akaelewa, akaweka viganja viwili chini ya shavu na kukoroma. Kumbe watu wamelala! Mchana wote hadi saa kumi na moja jioni hakuna biashara. Wanakula, wanajinyoosha, halafu wanafungua tena. Na hawa ndio waliokuwa wakija Diani kutuambia sisi tuna polepole.

Katika ule ukimya, macho yakapata nafasi ya kuona. Majina ya mitaa yameandikwa kwenye vigae. Namba za nyumba, vigae. Viti vya kukalia njiani, vigae. Kuna jengo la zamani lililokuwa karakana ya vyombo ambalo uso wake wote umevaa vigae vya rangi kama bibi harusi aliyevishwa na mashangazi watatu wasioshauriana. Kanisa kubwa, la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, kuba lake limeezekwa vigae vinavyong'aa kama shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, na jua la mchana lilipolipiga mwenzenu alilazimika kugeuza uso. Huko Uhispania kigae cha ukutani huitwa azulejo, na neno hilo lilitoka kwa Waarabu, az-zulayj, kijiwe kilicholainishwa.

Mbele ya ukuta mmoja wa vigae vipya vyeupe mwenzenu alisimama kidogo, akautia mkono na kutoa salamu ya chini chini. Ana sababu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Maumba na Nguluku, pale pale Kwale, ikatoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ikapakia melini Likoni. Zirkoni husagwa ikawa unga laini na kutiwa kwenye rangi ya vioo inayopakwa juu ya kigae. Ndiyo inayokifanya kiwe cheupe pepe. Na eneo la Castellón, kaskazini kidogo ya Valencia, ni moja ya mahali duniani panapotengenezwa vigae kwa wingi kabisa. Sasa, mchanga wa Nguluku ukisafiri, unadhani utakwenda kutembelea nani? Ukuta haukuitikia, lakini ndugu wa mbali hawaitikii salamu ya kwanza.

Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye kichochoro, na nyuma yake karakana ya mjukuu wake, kijana mwenye udongo mpaka kwenye nyusi na Kiingereza cha kutosha kukalimani. Bibi akaeleza mkasa wa machungwa. Mjukuu akamkaribisha mgeni maji.

Maji yalikuwa ndani ya mtungi mdogo wa udongo usiopakwa kitu, wenye mkono juu, mdomo mpana upande mmoja na kijibomba chembamba upande wa pili. Unaitwa botijo. Nje ulikuwa na umande, kama mtu aliyetoka kucheza mpira. Mwenzenu aliutambua papo hapo. Ule ni mtungi wa nyanya, uliokuwa umekaa juu ya mchanga pembeni mwa jiko na kata ya kifuu juu yake: udongo una vitundu visivyoonekana, maji hupenya kidogo kidogo, upepo huyakausha, na kila tone linaloondoka huondoka na joto lake. Hakuna umeme, hakuna kelele, na maji yanauma meno. Tofauti ni unywaji. Kwenye botijo midomo haigusi. Unauinua juu ya uso na kuulenga uzi wa maji kooni. Bibi alifanya hivyo akiwa anazungumza. Mwenzenu alijaribu: tone la kwanza likaingia puani, yaliyobaki kifuani, na shati la safari likawa la ufukweni.

Halafu simu ya bibi ikalia. Jirani. Bibi akamwaga habari, na katikati ya mto ule wa maneno mwenzenu akasikia, wazi kabisa, "fulano". Akashtuka. Akamuuliza mjukuu fulano ni nani. Mjukuu akasema si mtu, ni yeyote, mtu usiyetaka kumtaja. Fulani! Bibi alikuwa anamteta mgeni wake kwa Kiswahili chetu! Tangu hapo muda ukasahauliwa, wakaketi wakibadilishana maneno kama watu wanaobadilishana stempu. Maskini, kwao mezquino, ingawa siku hizi maana yake imegeuka kuwa bahili, mtu wa kinyongo. Zafarani, azafrán. Sukari, azúcar. Meza ni mesa, bendera ni bandera, ila hayo mawili pwani tuliachiwa na Mreno. Hata ni hasta, ile ya kuagana, hasta luego, ambayo mwenzenu sasa huisikia kama "hata baadaye" na haimtatizi tena. Na mkuu wa mji huitwa alcalde, kutokana na al-qadi. Mwenzenu akauliza kwa adabu kama huyo kadhi wao hufungisha ndoa. Mjukuu akasema ndiyo, hufungisha, za serikali. Mwenzenu akaona hakuna la kuongeza.

Bibi naye akataka kujua Kenya iko wapi. Mwenzenu akamwambia: Mombasa kuna ngome, inaitwa Fort Jesus, ilianza kujengwa 1593, Wareno wakiwa chini ya mfalme wenu Felipe wa Pili, kwa hiyo kwa hesabu ya haki ile ni kazi yenu. Bibi akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake amekula mahindi ya jirani.

Sasa njooni kwenye sahani. Chumba cha kulia cha bibi hakina ukuta, kina sahani. Zimetundikwa kutoka kwenye kiti hadi darini: za buluu, za kahawia iliyowaka dhahabu, zenye ndege, zenye sungura, zenye majani ya mzabibu. Bibi alipaka rangi vyombo kwenye kiwanda cha mji ule tangu usichana wake hadi alipostaafu, na nusu ya zile alizichora mwenyewe. Mwenzenu alikumbuka nyumba za mawe za Lamu na zile zidaka zake zilizopangwa vyombo vya Kichina, na lile kaburi la mnara la Mambrui lililotiwa mabakuli ya Kichina kwenye mwili wake. Watu wa pwani sahani nzuri tuliithamini mpaka tukaipeleka na marehemu. Akawa anatazama ukutani akikisia bibi atateremsha ipi. Ile ya ndege? Ile yenye dhahabu?

Bibi akafungua kabati la chini. Akatoa sahani tatu za plastiki, za kijani, zimechunika.

Mwenzenu alishindwa kujizuia. Akamwambia mjukuu kwamba Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Mjukuu akatafsiri. Bibi akacheka mpaka akashika meza, akajibu na ya kwao: nyumbani kwa mhunzi, kisu ni cha mti. Kisha akagawa chakula. Kulikuwa na wali wa tanuri ndani ya chungu kipana, umenawiri, lakini vipande vilivyokuwa juu yake vilikuwa vya yule mnyama, na mwenzenu akaomba radhi. Akaletewa kimanda kinene cha mayai na viazi. Akala vipande vitatu.

Na kinywaji. Ni cheupe, baridi, kitamu, kizito kidogo kama tui jepesi. Horchata. Mwenzenu akamaliza gilasi ya pili ndipo akauliza kimetengenezwa na nini. Mjukuu akaleta bakuli la vijiazi vidogo vilivyokunjamana, akasema hulimwa Alboraia, kaskazini ya Valencia, na vina alama rasmi ya asili inayolindwa kisheria. Mwenzenu akakichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa. Wapendwa, ni ndago. Ndugu wa damu wa ile ndago ya shamba la mihogo, ile iliyompa mjomba kibiongo, ile ambayo mwenzenu aling'oa kila likizo huku akiilaani mbegu yake hata mizizi yake. Hawa wanaimwagilia maji. Wanaipalilia. Wanaing'olea magugu!

Alasiri mjukuu alimpeleka makumbusho ya vyombo, yaliyofunguliwa 1967 ndani ya nyumba ya zamani. Mwenzenu alikwenda kwa heshima ya mwenyeji tu. Katika tuktuk aliwahi kubeba watalii wengi waliotaka kwenda kuona "tamaduni", na siku zote aliamini hilo ni jina jingine la kukosa shughuli.

Lakini ile dhahabu ilimkamata. Vyombo vya kale vya Manises vinang'aa rangi ya dhahabu, na ndani yake hamna dhahabu hata punje. Mjukuu alimweleza polepole. Chombo huchomwa mara ya kwanza kikawa udongo mgumu. Hupakwa rangi nyeupe ya vioo yenye risasi na bati, kikachorwa buluu kwa kobalti, kikachomwa mara ya pili. Ndipo mchoraji anapochukua mchanganyiko wa fedha, shaba, udongo mwekundu na siki, unaoonekana kama tope la barabara ya Lunga Lunga wakati wa masika, akachora juu ya ule weupe. Moto wa tatu ni mdogo na wenye hila: tanuri huzibwa pumzi, na ndani hutiwa kuni za mrosemari ili ijae moshi. Moshi ukikosa hewa huinyonya kutoka kwenye ile fedha na shaba, na madini hubaki kama utando mwembamba juu ya kioo. Chombo kikitoka ni cheusi kama tako la sufuria. Unakifuta masizi kwa kitambaa, na dhahabu inafunguka chini ya kidole. Fundi akikosea moto hata kidogo, tanuri nzima imekwenda. Msambweni mtu wa kazi hii angeitwa kwa chifu kujieleza.

Elimu hiyo ilianzia Iraki karne ya 9, ikapita Misri, ikafika Málaga kusini mwa Uhispania kwa mafundi Waislamu, na mwanzo wa karne ya 14 ikaletwa Manises, ambako mabwana wa ukoo wa Boïl walikuwa wakichukua fungu lao katika kila kilichochomwa. Mapapa walinunua. Matajiri wa Florence waliagiza sahani zenye nembo za koo zao. Mwaka 1454 Malkia María, mke wa mfalme wa Aragón, alimwandikia bwana wa Manises barua yenye orodha ndefu ya vyombo anavyovitaka, na mwenzenu aliposikia hivyo alijisikia nyumbani kabisa. Alikuwa na orodha kama hiyo kwenye simu yake, kutoka kwa shangazi. Malkia angalau hakuomba simu ya kamera tatu.

Mwaka 1609 mfalme alitoa amri, na wazao wa wale mafundi, waliokuwa wamekwisha kubatizwa kwa lazima, wakapakiwa melini kutoka bandari za Valencia na kutupwa Afrika Kaskazini. Mjukuu alilisema hilo akitazama viatu vyake. Mji uliendelea kufinyanga; mwaka 1914 ukaanzisha shule ya ufinyanzi ambayo ipo hadi leo, na mwaka 2021 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya miji bunifu ya sanaa za mikono.

Mwenzenu alikuwa amesimama mbele ya sahani moja ya karne ya 14 au 15, ya buluu na dhahabu. Ukingoni mwake lilikuwa linazunguka pambo moja, linarudiwa na kurudiwa: mistari miwili mirefu, mkunjo, kijitanzi. Mjukuu akasema hilo pambo lina jina, huitwa alafia. Zamani lilikuwa neno kamili la Kiarabu, al-afiya. Wachoraji walilinakili baba kwa mwana mpaka likasahau kusoma, likabaki umbo. Maana yake, akasema, ni ...

"Afya," akasema mwenzenu.

Mjukuu akamtazama. Mwenzenu akarudia. Akaomba aandikiwe. Sahani imekaa miaka mia sita ikimtakia afya kila aliyemaliza mchuzi wake, na walaji wake wote hao wa Florence hawakujua walichokuwa wakitakiwa. Wakati huo huo, kama aliyepangwa, mama mlinzi wa ukumbi akapiga chafya kubwa iliyotikisa vioo. Mwenzenu akamgeukia, akanyoosha kidole kwenye sahani, akasema kwa sauti ya adhana: "Afya!"

Ndipo mlinzi akauliza mgeni huyu ametoka wapi. Kenya haikumtosha, Kenya wapi? Mwenzenu akasema Kwale, kwa sauti ya mtu anayetaja mahali pasipojulikana, akijiandaa kuongeza "karibu na Mombasa". Mama akaandika kwenye simu, macho yakamtoka, akamwita mjukuu, wakainamia kioo wote wawili. Kisha wakamgeuzia. Juu ya kioo kulikuwa na picha za vigae vya vyungu, vyekundu vya kahawia, kingo zake zimechorwa mifereji inayozunguka, na jina: Kwale.

Basi sikieni, enyi watu wa Kwale. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na Kwale mjini, akachapisha habari zake 1967. Alikuta vyombo vya wakulima na wafua chuma wa karibu karne ya 3, vimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na aina hiyo ya vyungu, inayopatikana hadi ndani ya Tanzania, ikaitwa kwa jina la Kwale vitabuni kote duniani. Vyungu hivyo vilikuwa na miaka elfu moja na zaidi siku Boïl alipoingia Manises kutafuta fungu lake. Mwenzenu amesoma shule ya msingi Msambweni na sekondari Kwale hiyo hiyo, akafaulu, na hakuna aliyemwambia. Manises kituo cha treni kina vigae. Kwale mjini hata kibao hakuna cha kumwambia dereva wa tuktuk kwamba amepaki juu ya jina lenye sifa.

Mlinzi alimtazama mwenzenu kama Mzungu wa Diani anavyomtazama Mmasai. Mwenzenu, badala ya kusema kweli, akatikisa kichwa taratibu, kwa uzito wa mtu ambaye mababu zake walimwachia siri.

Uongo una njia fupi. Nusu saa baadaye alikuwa karakana, amefungwa aproni, mbele ya gurudumu la umeme, na bibi ameketi kando kwenye kiti kutazama mtaalamu wa Kwale akifanya kazi. Bonge la udongo likawekwa katikati. Gurudumu likazunguka. Mwenzenu akaweka mikono kama alivyoona mjukuu akiweka. Sekunde tatu hivi udongo ulimtii, ukainuka, ukawa na kiuno, na mwenzenu akaanza kuamini kwamba damu ni damu. Kisha ukapepesuka kama mlevi wa mnazi anayetafuta mlango, kipande kikaruka kikamvaa mjukuu shingoni, na kilichobaki kikajilaza juu ya gurudumu katika umbo la chapati iliyoonewa. Mwenzenu akavua aproni. Akasema, kwa hadhi, kwamba nyumbani kazi hiyo ni ya wanawake, tena hawatumii gurudumu. Yote mawili ni kweli. Bibi akasema neno moja. Mjukuu akakataa kulitafsiri.

Saa kumi na moja maduka yalifunguliwa kama yalivyoahidi. Hapo mwenzenu alipata mshtuko wa mwisho: hakuna aliyemwita. Hakuna "rafiki", hakuna "njoo uone bure", hakuna wa kumfuata akipunguza bei hatua kwa hatua hadi ufukweni. Mtu aliyeishi miaka minane kwa kupigia watu makelele alipita mbele ya sahani elfu na hakuna aliyemtamani. Akaingia mwenyewe. Akachagua sahani ndogo yenye alafia ukingoni, akaishika kwenye ncha za vidole vitatu na kuigonga kwa kifundo, kama mama anavyogonga chungu sokoni: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua. Ililia kengele. Akataja nusu ya bei. Muuzaji akadhani hajasikia, akaiandika bei ile ile kwenye karatasi. Mwenzenu akataja robo tatu. Muuzaji akaiandika tena, kubwa zaidi. Mwenzenu akalipa.

Bibi alimpa machungwa mawili na onyo: arudi Julai. Mwezi huo wanasherehekea Watakatifu Justa na Rufina, walinzi wa wafinyanzi, na magari ya maandamano hupita mitaani yakigawa vyombo vya udongo kwa umati, maelfu kwa maelfu. Mwenzenu amewaza sana juu ya jambo hilo. Ukunda mgombea akigawa kofia watu huumia. Je, vyungu?

Kiwanjani alifika mapema sana. Sahani ilikuwa imefungwa ndani ya kikoi, na kikoi ndani ya suruali. Kijana wa mashine alifungua, akaigeuza, akaigonga kwa kifundo, ikalia, akairudisha bila neno. Mwenzenu aliuliza watu watatu tofauti kama 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku wa leo, na wa tatu akaomba aione tikiti.

Maagizo machache. Sahani mtaletewa Desemba. Mama asiitilie samaki wa kupaka, risasi ya zamani haijulikani imefichwa wapi. Shangazi, orodha yako imepokelewa. Mjomba aache kuing'oa ndago ya upande wa kisimani mpaka mwenzenu apige hesabu. Na yule mtoto wa jirani anayeangusha maembe kwa vigae vya vyungu, ambiwe kwamba kabla ya kurusha atazame ukingo. Akiona mifereji, atafute jiwe.